Hesabu ya Jioni ya Dada Delphia

Bonde la Sugar Camp,
Kentucky.
Jumapili, mwezi wa Oktoba.

Kwa mdogo wangu mpenzi Hobert,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. Natumaini zitakukuta mzima huko Dayton, wewe na wifi yangu Carol, na kwamba ule mgongo umepoa na kiwandani wamekupa kazi ya kukaa kama walivyoahidi. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Majani yamegeuka rangi, baridi imeanza kutuamsha, na mti wa tufaha wa Baba umezaa mwaka huu kana kwamba unaaga. Nimepika jemu mpaka nywele zangu zinanukia sukari, na chupa zako nimeziweka rafu ya chini, Wilma asizione. Dada Delphia anakula vizuri na anatembea vizuri. Kwa hayo mawili tunamshukuru Mungu.

Uliponipigia simu Jumatano ulikuwa na hasira, nami nikakujibu mkato mkato mpaka ukakata. Usione nilikudharau. Dada alikuwa amekaa kando yangu akimenya viazi, na sauti yako, Hobert, ni ile ile ya Baba, husikika kabla simu haijafika sikioni. Yapo mambo nisiyoweza kuyasema akiwa karibu, naye siku hizi yuko karibu saa zote. Ndiyo maana naandika. Ukishaisoma barua hii, ichome.

Ulisema binamu yetu Wilma amekwambia kwamba nimemtoa Dada kwenye chumba cha watoto, yeye aliyelea bonde zima, kwa sababu hana cheti. Ulisema nimemuuza mtu aliyetulea Mama alipofariki, ili nipate nyota za serikali za kubandika ukutani. Ukaongeza kwamba hata mbwa haumi mkono uliomlisha. Neno hilo lilinikata maini. Lakini sikulaumu. Kama ningeipata habari hiyo kutoka kwenye mdomo wa Wilma, ambao haupumziki hata mchungaji akiomba, mimi pia ningepiga kelele.

Basi acha nikueleze ilivyokuwa, maana wewe uliondoka zamani na hukuyaona mambo ya nyota.

Baada ya yale mafuriko, nusu ya wazazi walihama bondeni, na waliobaki hawakuwa na cha kutulipa. Tukakaribia kuifunga nyumba yetu ya kulelea watoto. Ndipo akaja Bi Renee, mshauri anayetumwa na jimbo kwa walezi wa watoto wadogo. Mpango wao ni huu: mlezi akisoma, akapata cheti, akaboresha nyumba na namna ya kulea, wanampa nyota. Kadiri nyota zinavyopanda, ndivyo serikali inavyomlipia zaidi kila mtoto wa mzazi wa kipato kidogo, na mzazi mwenyewe anapunguziwa. Wasiopanda wanabaki na ruzuku ya chini, ile iliyokuwa inatuua.

Siku ya kwanza Bi Renee alishuka garini na viatu vya mjini, akazama kwenye tope letu mpaka kifundoni. Dada hakumkaribisha kiti. Alimpakatisha mtoto aliyelowa, akamwambia wataongea akishamaliza. Bi Renee akambadilisha yule mtoto upesi kuliko mimi, akanawa mikono, kisha akamnawisha na mtoto. Dada akanigeukia akasema, "Huyu anafaa. Mpe kahawa."

Usifikiri walipendana tangu hapo. Walitaniana kama mashemeji. Bi Renee aliposema mtoto mchanga alale chali kwenye kitanda kitupu, bila mto wala blanketi, Dada alichukua yale mablanketi ya viraka anayomshonea kila mtoto anayeingia nyumbani kwetu, akayakunja moja moja kwa hasira, akauliza kama serikali inataka watoto walale kama marehemu. Bi Renee akamjibu kwamba anataka wasiwe marehemu. Dada akayapeleka mablanketi kabatini, maana alikumbuka yule mtoto mchanga wa mchungaji aliyekosa pumzi chini ya blanketi. Toka siku hiyo vitanda vya wachanga vilibaki vitupu, na mablanketi yakawa ya waliokwisha kutembea.

Nyota zikaja. Kwa fedha za nyota tulijenga ua kuzunguka uwanja wa nyuma, upande wa kijito, wenye lango na komeo la juu ambalo mtoto hafikii hata akisimama kwenye ndoo. Tukapata vitabu, tukapata choo kidogo cha kimo chao. Mimi nilikwenda mjini kwenye masomo, nikapata cheti changu, na sikuona aibu kulia nilipokipokea. Dada naye aliandikishwa. Alikuwa anainuka katikati ya somo na kurudi kukaa garini. Akasema viti ni vigumu, mwalimu ana sauti ya nyuki, na yeye alikuwa analea watoto wakati mwalimu mwenyewe bado yumo kwenye nepi. Tulicheka. Watu wa bondeni wakasema cheti kimemshinda Delphia kwa sababu aliacha shule mapema, na mimi nikaamini hivyo. Sote tulijua aliacha shule kwa ajili yetu, mimi na wewe.

Kati ya yote aliyotufundisha Bi Renee, Dada alidharau jambo moja kuliko yote, nalo ni hesabu. Kila watoto wanapotoka chumbani kwenda uwanjani, au kurudi, mlezi asimame mlangoni, amguse kila mtoto kichwani, amwite jina, na mtoto aitikie, "Nipo!" Haitoshi kuhesabu vichwa, alisema, kwa sababu idadi yaweza kuwa sawa na mtoto akawa siye. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Kuku ndio wa kuhesabiwa," akasema. "Wangu nawajua kwa pumzi tu, hata nikifumba macho."

Bi Renee akamwomba amwoneshe mara moja tu. Dada akasimama mlangoni, akaanza kugusa vichwa. Akamwita mjukuu wa mzee Caudill kwa jina la baba yake. Akamwita Kaylee, yule mwekundu wa nywele, kwa jina la mama yake, Tonya. Watoto wakafurahi, wakadhani ni mchezo, wakaitikia, "Nipo! Nipo!" Mimi nilicheka mpaka machozi. Unatujua, Hobert. Hapa kwetu watoto hutoka sura moja na wazazi wao kama mikate ya kikaango kimoja, na Dada aliwalea wote, baba na mama na sasa watoto. Hata mchungaji hutuchanganya.

Bi Renee peke yake hakucheka. Alipokuwa anaondoka alinivuta kando ya gari akaniuliza, kwa upole, Dada ameanza lini kuwaita hivyo. Nilichukia. Nilimwambia kwamba wageni hawajui mapenzi yetu yalivyo. Akasema samahani, akaondoka, na mimi nikarudi ndani nikiwa nimevimba. Lakini swali lake halikuondoka naye.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Agosti, watoto wakiwa uwanjani na Dada. Mtoto mchanga wa Denver, yule kijana aliyelelewa na Dada, alikuwa amejichafua mpaka mgongoni, nikaingia naye ndani kumbadilisha. Nilipotoka, ilikuwa saa ya kuwarudisha chumbani, nikasimama mlangoni na yule mchanga begani, nikaanza hesabu. Nikagusa, nikaita, wakaitikia. Nikaita Kaylee. Kimya. Nikaita tena. Dada alikuwa anamfunga mtoto mmoja kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Kaenda kwao. Hettie alikuwa anamwita, kaoka mkate."

Unamjua Hettie, mama yake Tonya. Uliwahi kula mkate wake ukatapika kwa kushiba. Mafuriko yalimchukua yeye na nyumba yake, na gauni alilozikwa nalo alilishona Dada kwa mikono yake.

Nikatazama lango. Lilikuwa wazi, na komeo la juu limesukumwa. Hakuna mtoto awezaye kulifikia.

Kijito kilikuwa kimejaa kwa mvua ya juzi yake. Nilitaka kukimbia, Hobert, miguu yangu ilikuwa imekwisha kutoka. Kisha nikasimama. Nikikimbia, hawa wengine namwachia nani? Dada alikuwa amesimama pale pale, mzuri, aproni yake safi, akinitazama kwa mshangao kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa. Hapo ndipo nilipojua. Sikujua kwa daktari, wala kwa Bi Renee. Nilijua pale langoni, na mtoto wa watu begani, nikiwa siwezi kuwaacha watoto na mtu aliyenilea mimi. Nikawasukuma wote nyuma yangu nikabaki nikiita jina la Kaylee kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi.

Tonya ndiye aliyemleta. Alikuwa anatoka kazini. Njia yake hupita mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake, ambapo siku hizi zimebaki zile ngazi za saruji tu, zinapanda kwenda kwenye hewa. Tangu maziko Tonya huwa hageuzi macho upande huo. Siku hiyo aligeuka, hajui kwa nini. Akamwona mwanawe ameketi ngazi ya juu kabisa, mikono magotini kama mgeni mwenye adabu, na maji yanapita hatua chache kutoka miguuni pake. Mtoto akamwambia kwamba Bibi Delphia amesema abishe hodi, lakini hakuona mlango. "Mama, mbona mlango haupo?"

Tonya aliposhuka garini kwetu alikuwa mweupe kama unga. Nilingoja anipige kofi, na ningelipokea. Badala yake alikwenda kwa Dada akamkumbatia. Dada akamfuta machozi kwa aproni akamwuliza ni nani aliyemliza, amwonyeshe tu, atamshughulikia. Kisha Tonya akanivuta nyuma ya nyumba akaninong'oneza, "Arlene, mimi sisemi kitu. Huyu ndiye aliyenifuta kamasi. Tufunge midomo, yaishe."

Na kweli ingewezekana yaishe. Mtoto hakukwaruzika. Waliojua ni mimi na Tonya tu. Mwezi ule ule alikuwa anakuja mtu wa jimbo kututazama kwa ajili ya nyota ya nne, ambayo ingetupandisha ruzuku kiasi kwamba Tonya na wenzake wasingelipa chochote juu yake. Tulikuwa tumeisotea nyota hiyo tangu mafuriko. Kanuni inasema mtoto akipotea, hata kama ameonekana mzima, jimbo liarifiwe. Nami nilijua nikiarifu, nyota zinashuka, na wa kwanza kuumia ni Tonya yule yule.

Nilikaa na jambo hilo kifuani siku nzima iliyofuata, nikiwa nimelifunga lango kwa mnyororo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Niliona kilio chenyewe, Hobert. Nilikiona kimeketi kwenye ngazi na nywele nyekundu. Nikampigia simu Bi Renee.

Hilo Wilma halijui, na hakuna ajuaye bondeni ila Tonya. Wao wanasema nilimfukuza Dada ili nipate nyota, na kwa kuwa hatimaye nyota zote tatu zilichukuliwa na leseni yetu iko chini ya uangalizi, wanasema Mungu amenilipa. "Mshika mbili moja humponyoka," ananiimbia Wilma kila tukikutana dukani, "na wewe Arlene zimekuponyoka zote!" Nacheka naye. Wazazi wawili wamehamisha watoto. Waliobaki wanalipa zaidi kuliko zamani, na wengine hawanisalimu kanisani kwa ajili ya Delphia. Nawaacha wasiponisalimu.

Bi Renee alikuja mwenyewe kuzibandua zile nyota. Hakulazimika, angeweza kumtuma mtu. Alipomaliza aliketi na Dada kwenye baraza wakamenya maharage, na alipoinuka kwenda garini aliniambia kwamba katika kazi yake yote hajaona mlezi aliyefanya jambo sahihi akaadhibiwa kiasi hiki, na kwamba atarudi kunisaidia kuanza upya. Kisha akalia. Nilimshika mkono, mimi niliyewahi kumwita mgeni asiyejua mapenzi yetu.

Tulimpeleka Dada kwa daktari. Alimwuliza huu ni mwaka gani, Dada akajibu ni mwaka wa maboga mengi. Daktari akacheka, na Dada akacheka naye, na mimi nikatazama ukuta. Ni ule ugonjwa wa kusahau, Hobert, ule uliomchukua Shangazi Orpha. Umeanza zamani. Alikuwa anatoroka masomoni kwa sababu hakuweza tena kufuata mstari, naye alijua, akaona heri tucheke habari ya viti kuliko tujue.

Na hili ndilo linalonifanya ninyamaze. Yeye mwenyewe hakumbuki siku ya ngazi. Anaamini kama Wilma anavyoamini, kwamba ametolewa chumbani kwa sababu hana cheti. Hiyo aibu anaiweza. Kila asubuhi anafungua kile kitabu cha masomo mezani, anasoma ukurasa ule ule wa kwanza, ananiambia, "Nikimaliza hiki, Arlene, narudi kwa wanangu." Nami namwambia ndiyo, Dada, soma. Wataka nimwambie nini? Kwamba alimpeleka mtoto wa Tonya kwa marehemu? Bora bonde zima liniite mroho wa nyota kuliko mtu mmoja amwonee huruma Delphia Combs usoni pake. Umenilazimisha kukwambia wewe, na nimekwambia kwa sababu wewe pia ni mwanawe.

Sasa sikiliza la mwisho. Ile hesabu aliyoicheka ndiyo iliyobaki. Watoto wakishachukuliwa jioni, yeye hunawa mikono, husimama kwenye mlango wa nyuma na kuanza kuita. Hawaiti watoto wa sasa. Anawaita wa zamani, Tonya, Denver, wana wa Caudill, na anaweka mkono hewani penye kichwa cha kila mmoja. Akifika kwako huwa anatabasamu, anajijibu mwenyewe kwamba Hobert yuko juu ya mti wa tufaha, atashuka akiona njaa. Kisha anaita Arlene.

Mwanzoni nilikuwa naitikia kutoka jikoni. Siku hizi naenda mbele yake, nainama, nauchukua mkono wake na kuuweka kichwani kwangu, nasema, "Nipo, Dada. Nipo hapa." Juzi alinitazama vizuri sana, kwa heshima kama anavyomtazama mtu wa kanisani. Akaniambia, "Asante, mama, wewe ni mwema. Lakini ninayemtafuta ni mdogo wangu. Ni mtoto bado, na maji yamejaa." Akautoa mkono wake taratibu, akanipita, akashika lango lenye mnyororo, na akaniita kuelekea kijitoni mpaka sauti ikamkauka.

Njoo, Hobert. Njoo angali anakutabasamia. Ukifika usimwambie jina lako wala usibishane naye. Pita kule nyuma, simama chini ya mti wa tufaha, umsubiri akuite.

Msalimie sana wifi Carol, na umwambie blanketi la viraka alilotaka liko tayari, Dada alilimaliza masika. Dada mwenyewe anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, aliniagiza nikuulize kama umevaa sweta.

Ni mimi dada yako,
Arlene.

Nipo.